Unga wa kupasulia mwamba: kazi ya barafu ndani ya tundu la milimita 38

Mfuko una kilo 5 za unga wa kijivu unaofanana na saruji. Unakorogwa na lita 1.5 za maji, unamiminwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika jiwe, watu wanaondoka, na kesho yake jiwe lina nyufa za kuingiza mtaimbo. Baruti haikutumika na vioo vya jirani viko salama. Hiyo ndiyo ahadi ya unga wa kupasulia mwamba, na kwa kiasi kikubwa unaitimiza. Tunaupa alama nne kati ya tano. Alama ya tano imeangushwa na maandishi ya kwenye mifuko: mengi yanajisifu kwa megapaskali, yaani kipimo cha msukumo, na kupita mbio juu ya tundu na joto, mambo mawili yanayoamua kama jiwe litapasuka au unga utatapika na kumwumiza mtu macho.

Tunaipima aina ya bidhaa, wala si chapa moja. Chapa ziko nyingi, na kwa ndani zinafanana kuliko matangazo yao yanavyotaka tuamini.

Kilichomo mfukoni

Sehemu kubwa ni chokaa ambayo haijazimwa kwa maji, iliyochomwa kwa moto mkali kuliko ule wa tanuri la kawaida, pamoja na viungo vya kuituliza. Fundi yeyote aliyewahi kuzima chokaa anajua kinachofuata ikikutana na maji: inachemka, inavimba, inapasuka vipande. Ujazo wa chembe zenyewe unakaribia kuwa mara mbili. Chokaa ya kawaida huyafanya hayo kwa dakika chache na kwa fujo, ndiyo maana usidanganyike kuitumia badala ya unga huu ili kuokoa fedha. Ikivimba ikiwa bado uji, inapanda juu na kutoka tunduni. Unga wa kupasulia umechomwa hadi chembe zake zikafungana, zikawa zinakunywa maji polepole. Uji unaganda kwanza, uvimbaji unafuata, na kwa kuwa hauna pa kwenda unazisukuma kuta.

Kipimo cha maji, asilimia 30 ya uzito wa unga, hakikutolewa hewani. Kilo moja ya chokaa safi inahitaji takriban gramu 320 za maji ili izimike yote. Maji yakizidi yanaacha nafasi baina ya chembe, na uvimbaji wa mwanzo unaishia kujaza nafasi hizo badala ya kusukuma jiwe. Yakipungua, uji unakuwa mzito, unafunga mapovu ya hewa, na sehemu ya unga inabaki kavu. Tumia chombo chenye alama za mililita. Mtu akikadiria kwa kopo akazidisha mililita 200 tu kwenye mfuko mmoja, tayari amekosea kwa zaidi ya asilimia 13.

Kwa nini jiwe linakubali

Mwamba ni hodari wa kubanwa na dhaifu wa kuvutwa. Granaiti nzima huhimili kubanwa kwa megapaskali 100 hadi 250, lakini ikivutwa hukatika kwa 7 hadi 25 tu. Nguvu nyingi za asili zinazochakaza miamba bila kubadili madini yake hupitia mlango huo mmoja. Maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda na kuongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Chumvi inajenga fuwele ndani ya vinyweleo vya jiwe. Mzizi unanenepa. Bandu bandu huisha gogo, na mlima nao haujasalimika.

Sasa rudi kwenye mfuko. Chapa moja inaandika megapaskali 30, nyingine inatamba na 120. Kwa mnunuzi wa kupasua mawe tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu hata ile ya 30 imeshapita kile ambacho granaiti inaweza kustahimili ikivutwa. Barafu nayo, kwa hesabu ya karatasi, inaweza kufikia megapaskali 207 hivi katika nyuzi 22 chini ya sifuri, lakini ndani ya mwamba haifiki huko: ama ufa unapanuka mapema, ama barafu inatokea upande ulio wazi. Namba kubwa inahitaji chumba kilichofungwa kabisa, na jiwe si chumba cha namna hiyo. Mfuko wa namba kubwa hautakuondolea haja ya kutoboa matundu karibu karibu.

Jambo jingine la asili ambalo unga umerithi ni subira. Mzizi wa mti husukuma kwa takriban megapaskali moja, kiasi ambacho hakiwezi kuvunja granaiti nzima hata kidogo, na bado mizizi hupasua majabali. Mzizi unaingia kwenye ufa uliokwishakuwepo, unasukuma mwaka baada ya mwaka, na ncha ya ufa inasogea kidogo kidogo, hasa ikiwa na unyevu. Maji kwenye ncha ya ufa hulegeza vifungo vya madini. Mwaka 1936 mwanajiolojia David Griggs alichapisha matokeo ya jaribio la kupasha joto na kupoza kipande cha granaiti mara 89,400, sawa na kama miaka 244 ya mchana na usiku. Kikiwa kikavu hakikuonyesha badiliko. Kilipopozwa kwa maji, dalili za kuchakaa zilionekana baada ya muda mfupi zaidi. Wanaotumia unga huu vizuri wanalifuata somo hilo bila hata kulijua: ufa wa kwanza ukionekana, wanaumwagia maji na kuuacha ufanye kazi usiku mzima, hawaurukii kwa nyundo.

Lisome jiwe kabla ya kufungua mfuko

Huko Aswan nchini Misri iko nguzo ya granaiti yenye urefu wa karibu mita 42 ambayo haikuwahi kuondolewa machimboni. Wachongaji walishafanya kazi kubwa, nyufa zikajitokeza, kazi ikaachwa. Kama mafundi wale, waliolijua jiwe kuliko sisi, waliwahiwa na nyufa, mnunuzi wa leo hana sababu ya kudharau ukaguzi wa nusu saa.

Anza na nyundo. Jiwe zima hulia kwa mlio mkali wa kengele. Lenye ufa au lililooza kwa ndani hutoa mlio mfu. Kisha lilowanishe lote kwa maji na ungoje likauke. Uso utaanza kurudi rangi yake, lakini mistari ya nyufa itabaki myeusi kwa muda, maana imenyonya maji. Ichore kwa chaki kabla haijapotea. Nyufa hizo ni rafiki ukizielekeza, na ni mwizi ukizitoboa bila kujua: uji unamiminika humo, unapotea chini ya jiwe, na tundu linabaki nusu tupu.

Granaiti ndiyo inayolipa unga huu vizuri kuliko mawe yote. Ni ngumu, inakatika bila kunepa, na ina upande wake wa kupasukia, ambao wachonga mawe huutambua kwa kupiga vipande vidogo katika pande tatu tofauti na kuona upi unatoka laini. Panga safu ya matundu kufuata upande huo. Mawe yenye matabaka, kama naisi, yatafuata tabaka lake hata ukipanga safu upande mwingine, usibishane nayo. Mawe ya chokaa hupasuka kwa urahisi, ila yana mapango madogo yaliyoliwa na maji, na tundu moja linaweza kumeza mifuko miwili bila kujaa. Hapo tumia mfuko mrefu wa plastiki kama soksi ndani ya tundu. Mawe ya mchanga hunyonya maji ya uji kabla chokaa haijayatumia. Nayo yanataka soksi, au matundu yaloweshwe kwanza kisha maji yaliyotuama yaondolewe. Basalti inapasuka vizuri lakini inakula ncha za kutobolea.

Jiwe lililokwishaoza, linalobomoka kwa kucha, unga hauna la kulifanya. Uvimbaji unakandamiza chembe zilizo jirani na tundu na kuishia hapo. Sururu na mtaimbo vitamaliza kazi hiyo kwa gharama ya jasho tu.

Kwa wanaotaka kujua kama jiwe la kujengea litadumu, kuna kipimo cha maabara kinachotumia adui mwingine wa asili, chumvi. Kokoto huloweshwa kwenye maji ya salfati ya sodiamu au magnesiamu kwa saa 16 hadi 18, zikakaushwa kwa nyuzi 110, na mzunguko huo ukarudiwa, kwa kawaida mara tano. Kinachopotea kwa kumeguka ndicho jibu. Jiwe linalofeli vibaya hapo huwa na vinyweleo vingi, na ni hilo hilo litakalonyonya maji ya uji wako.

Tundu ndilo linaloamua

Bei ya unga ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kutoboa, na wauzaji wachache humkumbusha mnunuzi hilo. Keekee ya nyumbani ya kutundikia picha haitoboi granaiti milimita 38 kwa kina cha sentimita 80. Inatakiwa mashine ya nyundo yenye ncha ndefu za kabaidi, au nyundo ya upepo na kompresa yake. Kukodi mashine kwa siku moja na kutoboa matundu yote kwa pamoja kuna faida kuliko kutoboa mawili leo na mawili kesho.

Kipenyo cha milimita 38 ni chaguo zuri. Chini ya 30 unga uliomo hautoshi kusukuma. Juu ya 50 hatari ya kutapika inapanda haraka, na sababu ni ya hesabu tu: ukiongeza kipenyo mara mbili, unga unaotoa joto unaongezeka mara nne, wakati ukuta wa kulipoza joto hilo unaongezeka mara mbili tu.

Umbali kati ya matundu ni mara 8 hadi 10 ya kipenyo, yaani sentimita 30 hadi 38 kwa tundu la milimita 38. Kwenye granaiti ngumu baki kwenye 30. Kwa jiwe lililolala juu ya ardhi, toboa hadi asilimia 80 ya kimo chake. Kwa mwamba ulioshikamana na ardhi, toboa hadi kina unachotaka kuondoa na kama asilimia 5 zaidi. Tundu fupi, chini ya sentimita 25, ni hasara: uji ulioganda unateleza kwenda juu kama kizibo, kama barafu inavyotokea kwenye mdomo wa chupa.

Mwamba ulioshikamana na ardhi una sharti jingine ambalo mifuko mingi hailisemi. Ni lazima uwe na upande ulio wazi wa kusogelea. Ufa hauwezi kupanuka kama jiwe halina nafasi ya kuhamia. Ndani ya shimo lenye mwamba pande zote, toboa kwanza matundu kadhaa katikati, yaliyoinama kuelekeana kama faneli, uuondoe moyo huo, kisha endelea safu kwa safu kuelekea nje. Asili nayo hupasua hivyo. Majabali ya granaiti ya mviringo, kama mlima Half Dome kule Yosemite, Marekani, humenyeka magamba yanayolingana na uso wake, kwa sababu mwamba uliokuwa umebanwa chini kabisa umepunguziwa mzigo na unatanuka kuelekea ulikofunguliwa. Mwezi wa Agosti 2014 jabali moja la namna hiyo huko Twain Harte, California, lilipasuka mchana wa joto mbele ya kamera. Ufa hutafuta upande ulio wazi, iwe kwa jua au kwa unga.

Vumbi la kutoboa ni la kuogopwa. Granaiti na mawe ya mchanga yana silika, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu linayajeruhi bila kurudi nyuma. Toboa kwa maji, au vaa barakoa ya vumbi laini inayobana usoni. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Ukimaliza, puliza tundu hadi libaki safi, ukiwa umegeuza uso. Vumbi lililobaki chini hufanya kina cha sentimita 80 kuwa 70.

Hesabu ya jiwe moja

Chukua jiwe la urefu wa mita 1.5, upana mita 1 na kimo mita 1. Lina ujazo wa mita za ujazo 1.5 na uzito wa karibu tani 4. Safu moja kufuata urefu inahitaji matundu matano: la kwanza sentimita 15 kutoka ukingoni, yanayofuata kila baada ya sentimita 30, la mwisho likibakiza 15. Kila moja lina kina cha sentimita 80, jumla mita 4 za tundu.

Mita moja ya tundu la milimita 38 inakula takriban kilo 1.85 za unga. Mita 4 ni kilo 7.4. Mifuko miwili inatosha na kubakiza cha kumwagika. Matokeo ni nusu mbili, kila moja tani 2, ambazo bado hakuna wa kuzibeba. Ukiongeza safu ya kukatiza katikati, inayotumia tundu la kati la safu ya kwanza, unaongeza matundu mawili tu. Mita zinakuwa 5.6, unga kilo 10.4, na hapo mifuko miwili imepungukiwa na chini ya nusu kilo. Nunua wa tatu. Kukosa unga tundu la mwisho likiwa halijajaa ni kosa baya, kwa sababu matundu ya safu moja yanatakiwa kusukuma kwa pamoja; lililochelewa linakuta ufa umeshapita pembeni yake.

Ukitaka vipande vya kilo 50 au 60 vya kubebwa na watu wawili, usivitafute kwa unga. Ni vipande vipatavyo 70, na gharama yake ni ya kichaa. Acha unga ufungue jiwe, kisha kabari na nyundo zimalizie.

Joto

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kilo moja ya chokaa ikizimika hutoa joto la karibu kilojuli 1,160, la kutosha kuchemsha lita kadhaa za maji. Ndani ya tundu jembamba lililozungukwa na mwamba wa baridi, joto hilo linanyonywa na jiwe na kazi inakwenda polepole. Mwamba ukiwa wa moto, joto linabaki, linaongeza kasi ya kuzimika, kasi inaongeza joto, mpaka maji yaliyomo yanakuwa mvuke. Uji ulioganda nusu unafyatuka kutoka tunduni kama risasi, ukiwa wa moto na wenye ukali wa kuunguza ngozi. Hauonyi. Unaweza kutokea dakika kumi baada ya kumimina au baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo unga huuzwa kwa madaraja ya joto. Kwa kawaida la joto kali ni la nyuzi 20 hadi 35, la wastani linaanza kwenye 10, na la baridi ni la chini ya hapo. Mipaka kamili inatofautiana chapa na chapa, ifuate iliyoandikwa. Joto linalohusika ni la mwamba ndani ya tundu. Joto la hewa lililotangazwa redioni halisaidii. Teremsha kipimajoto kwa kamba hadi katikati ya tundu, kiache dakika chache, ukisome. Jiwe lililokaa juani tangu asubuhi linaweza kuwa na joto kubwa kuliko hewa inayolizunguka, na tundu lililotobolewa sasa hivi bado lina joto la ncha. Ukizidi mpaka wa daraja lako, funika jiwe kwa turubai, ungoje jioni au alfajiri. Maji ya kukorogea yawe ya baridi, chini ya nyuzi 15 wakati wa joto. Barafu ndani ya ndoo inasaidia, ila ivuliwe kabla ya kupima.

Kukosea upande wa pili, yaani kutumia daraja la joto katika baridi, hakumwumizi mtu. Jiwe linakaa siku mbili au tatu bila ufa na mteja anaandika kwamba bidhaa ni feki. Malalamiko mengi dhidi ya unga huu yana sura hiyo.

Kumimina

Vaa miwani inayofunga pande zote na glavu za mpira. Maji yatangulie ndooni, unga ufuate taratibu huku ukikoroga kwa mashine, mpaka madonge yaishe. Mfuko mmoja kwa wakati. Una dakika 5 kukiwa na joto, pengine 10 kukiwa na baridi. Uji ukianza kuwa mzito au kutoa joto mkononi, usiuongezee maji, umwage. Mimina bila kukatisha ili hewa isifungiwe chini, ukiacha sentimita 2 kutoka mdomoni. Usizibe tundu kwa mawe, saruji wala mti. Wapo wanaodhani kizibo kinaongeza nguvu. Kinaongeza risasi tu. Tundu lenye maji lifyonzwe kwanza au litumiwe soksi. Matundu ya kulala yanataka soksi pia, na mtu wa pili.

Likishajaa, funika jiwe lote kwa turubai, weka kamba ya kuzuia watu na watoto, na kwa saa 6 za mwanzo asiwepo wa kuinamia tundu kuchungulia. Uji ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kupumzika, kope zikiwa wazi, kisha hospitali mara moja. Kwa hiyo maji hayo yawepo kabla mfuko haujafunguliwa.

Ufa wa unywele kwa kawaida huonekana ndani ya saa 24, mapema zaidi kwenye joto. Utasikia jiwe likialika. Ndipo unapomwaga maji kwenye nyufa. Siku ya pili ufa unaweza kuwa wa upana wa vidole viwili.

Likikataa, usitoboe ndani ya tundu lile lile. Angalia sababu kwa mpangilio huu: joto la daraja, umri wa unga, umbali wa matundu, upande ulio wazi. Unga hudumu kama mwaka mmoja ukiwa umefungwa. Mfuko uliopasuka umeshakunywa unyevu wa hewa na kuzimika taratibu. Upime kwa gramu 100 na mililita 30 za maji ndani ya kopo la plastiki, nje, ukikaa mbali. Ulio hai utapata moto, utavimba na kusagika. Uliokufa utakaa kama tope la uvuguvugu. Umbali ukiwa ndio kosa, toboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani.

Unashindwa na nini?

Mshindani wake wa kweli ni kabari ya mashavu mawili: vipande viwili vya chuma vinavyoshuka pande mbili za tundu, na kabari inayopigwa katikati yake. Matundu yake ni ya milimita 18 hadi 20 tu, kina sentimita 10 hadi 15, umbali huo huo kati yao, hivyo mashine ndogo inatosha. Zipige kwa zamu, mapigo mawili au matatu kila moja, kisha pumzika dakika chache kabla ya mzunguko mwingine. Mlio unapanda kila mzunguko. Ukisikia mmoja umeshuka ghafla, ufa umepita hapo. Kwa jiwe la kimo kisichozidi nusu mita, kabari hizi zinaushinda unga kwa kila kipimo: jibu ndani ya saa moja, mpasuko ulionyooka, na chuma kinatumika tena miaka na miaka. Unga unashinda panapokuwa na kina kirefu, mwamba ulioshikamana na ardhi, au mahali pasipotakiwa mtikisiko.

Moto tunaukataa. Ni kweli kwamba kwatsi hutanuka kuliko madini mengine ya granaiti, na kwenye nyuzi 573 hubadili umbo ghafla. Lakini moto humenya uso kwa vigamba vinavyoruka, hauchagui mstari, na jiwe lenye maji ndani linaweza kulipuka.

Uji uliobaki usiachwe ndooni wala usitiwe kwenye chupa. Hata kwenye ndoo utachemka na kurusha. Umimine juu ya udongo tambarare ukiwa mwembamba, uuzimue kwa maji mengi, mbali na mkondo wa maji na mizizi ya mimea. Vipande vya jiwe vyenye mabaki meupe vinafaa kujazia msingi, ila vioshwe kwanza kama vitashikwa kwa mikono mitupu.